Ng'ombe wa Ukutani Apata Njia

Juzi nilimpeleka mtoto kliniki hapa Garsen. Dada mmoja wa Idsowe, kijiji cha wakulima, alikuwa akichora ukutani ng'ombe anakunywa maji mtoni, nyuma yake migomba. Daktari alikuwa amemwonya kuwa mchoro ukizua ugomvi, utapakwa chokaa.

Mzee mmoja mfugaji kwenye foleni akainua fimbo. "Binti, huyu amepita wapi kama si shambani kwa watu? Unatusingizia!"

Daktari akatoka na ndoo ya chokaa. Dada akamkabidhi brashi. "Basi baba, mchoree malka yake, njia ya mifugo kwenda mtoni."

Mzee akavuta njia nyekundu kati ya migomba mpaka majini.

"Hapo sawa," akacheka mama mmoja mkulima kwenye foleni. "Ndizi zangu zimepona!"

Daktari akairudisha chokaa stoo. Mikutano ya amani kati ya wafugaji na wakulima nimehudhuria mingi. Huu ndio wa kwanza kumalizika bila hotuba.