Mkono Mwepesi wa Bi Somoe

Kinondoni nzima ilimjua bibi yangu Somoe kwa mkono wake mwepesi. Yeye ndiye aliyewanyoa watoto wachanga siku ya saba, siku ileile mtoto anapochinjiwa kondoo wa akika. Ndiyo maana mwaka 1938 Kamugisha, mnyapara wa shamba la mzungu, alikuja kumwomba akamnyoe kondoo dume wa kizungu, mwenye manyoya mazito na asiyeshikika.

"Joto linamtesa, Bi Somoe," alisema. Joto gani, mwongo mkubwa yule.

Bibi hakuwa amewahi kunyoa mnyama, lakini alikwenda naye shambani. Alikaa chini, akampakata kichwa, akamwimbia kama alivyowaimbia wachanga, huku mkasi ukipita taratibu. Kondoo akatulia, mpaka akafumba macho.

Alipomaliza tu, Kamugisha akachomoa kisu kiunoni. Mzungu alitaka manyoya kwanza, nyama baadaye.

"Mbona hukuniambia?" bibi aliuliza, kichwa cha kondoo kingali mapajani mwake.

"Ungekuja?" Kamugisha akacheka. "Na kwenu si mnanyoa na kuchinja siku moja?"

"Kwetu," bibi alisema, "anayenyolewa hachinjwi."