Fundi wa Maabara na Tangi la Shule

"Nileteeni maji yoyote ya Ngara, nitazitaja chumvi zilizomo kama ninavyowataja wanangu," fundi wa maabara aliwaambia wazazi wa shule ya Kirushya kikaoni, nao wakampigia makofi, ingawa majina ya wanawe huwa anayachanganya. Vidole vyake vina madoa meusi ya nitreti ya fedha, na huvionesha hata asipoulizwa. Akishadondosha tone la dawa hiyo kwenye testitubu ya maji, huigonga kwa ukucha mara tatu, hunong'ona, "Njoo, mama," na ukungu mweupe, dalili ya chumvi ya kloraidi, ukitokea huinama kidogo kama aliyesifiwa. Kila Jumatatu hupanda ngazi mwenyewe kutia dawa ya klorini kwenye tangi la shule.

Siku mbili kabla ya mtihani wa taifa wa kemia kwa vitendo, kidato cha nne walipima chumvi nne tofauti zilizoyeyushwa kwa maji ya tangi hilo. Zote zikatoa ukungu. Felisita akainua mkono. "Mwalimu, hata maji matupu yanatoa."

"Binti, unabishana na sayansi?"

"Nabishana na tangi."

Fundi akayapima maji matupu mwenyewe: tone, ukucha mara tatu, njoo mama. Mama akaja. "Nani ametia kitu kwenye tangi?" akafoka. Darasa zima likatazama mfuko wa koti lake, ulimochungulia mfuniko wa kopo la klorini, ambayo majini huacha kloraidi. Kwa maji yale kila chumvi ingeonekana kloraidi, na wangefeli wote arobaini. Akavua koti, akaenda kuazima pikipiki ya mkuu wa shule akatafute maji yasiyo na chumvi hata chembe. Kwenye maduka ya spea Ngara mjini huitwa maji ya betri. Lita moja ni shilingi elfu mbili.