Arlene Hakala Arudishwa Darasani

Kwa miaka ishirini na mitatu Arlene Hakala alikuwa akiwatafutia kazi vijana wenye ulemavu katika mji wa Thunder Bay, Kanada, na waajiri walimpenda. Akimpeleka kijana kazini alisimama naye bega kwa bega, akimwelekeza kila hatua. Kijana akiulizwa swali, aliyejibu ni Arlene.

Februari hiyo ofisi ikatangaza mafunzo ya siku tatu. Asiyehudhuria, cheti chake hakihuishwi. Arlene akanuna.

"Nikafundishwe nini tena? Samaki anafundishwa kuogelea?" alimwambia mwenzake Tuula, wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari yao.

"Twende tu, shoga. Angalau tutakula bure."

Mkufunzi alikuwa Raymond Pelkie, mtu wa makamo mwenye mtindio wa ubongo. Maneno yalimtoka polepole, na ilibidi usubiri. Siku ya pili akawagawa wawili wawili. Arlene alipewa kamba ajifunze fundo la mabaharia, Tuula amwelekeze vilevile kama afanyavyo kazini.

"Shika hapa. Siyo hapo, huku! Pitisha juu. Juu, mama, juu! Hebu lete nikuonyeshe."

Mara tatu Arlene akakosea. Jasho likamtoka, vidole vikawa vizito kama vya kuazima.

"Hebu ninyamazie kidogo, nawe!" akafoka.

Darasa zima likaangua kicheko. Raymond hakucheka.

"Vijana wako," aliuliza, "wamewahi kukuambia hivyo?"

"Hapana."

"Mimi pia sikuwahi kumwambia msaidizi wangu wa kazini. Miaka sita alinijibia kila kitu. Alipokwenda likizo, bosi wangu akashtuka. Hakuwa akijua kwamba naongea."

Mchana ule Arlene hakugusa chakula.

Wiki iliyofuata alimpeleka Jolene Tait, binti wa miaka ishirini aliyechelewa kushika mambo, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja. Msimamizi, Gord, akauliza, "Ataweza kukunja shuka?"

Ulimi ulimwasha Arlene. Akauma meno. Jolene akamtazama, akatazama dari, akatazama viatu vyake. Gord akachungulia saa.

"Naweza," Jolene akasema mwishowe. "Ila shuka sizipendi. Napenda mashine."

Miezi minane Arlene alikuwa amehangaika na binti huyu, na hilo hakulijua.

"Mashine ina vitufe kumi na viwili, binti yangu," Gord akasema.

"Kwani mimi sijui kuhesabu?"

Gord akacheka, akampa nafasi ya majaribio. Jolene alijichorea kila kitufe kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Siku ya tano alizidisha sabuni, povu likatambaa mpaka nje ya mlango. Arlene alikuwepo, akatia mikono mfukoni, akaiacha humo. Jolene akabonyeza kitufe chekundu, akaenda mwenyewe kutafuta kidekio. Aprili akaajiriwa.

Arlene alipata cheti chake, lakini hakutulia. Akatoa orodha ya vijana wote aliowaweka kazini, wengine sasa watu wazima, akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja kuuliza kama kazi wanaipenda. Wengi walisema ndiyo. Watatu walisema hapana. Mmoja wao, Dwight Sorola, alikuwa amepakia samaki kwenye barafu kwa miaka kumi na moja.

"Harufu yake siiwezi," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia, Dwight?"

"Si uliwaambia waajiri kwamba naipenda? Nikaona nitakuaibisha."

Arlene akamuuliza angependa kufanya nini, akasubiri. Ilichukua muda. Dwight akasema mimea. Ilipofika Juni alikuwa kwenye kitalu cha maua nje ya mji, akimwagilia miche, na Arlene alipopita kumwona, Dwight hakuwa na haja naye. Alimpungia mkono tu, akaendelea na kazi.