Nyumba Isiyotisha vya Kutosha

Wanafunzi wangu walipoanza kutafuta nyumba ya kutisha, niliipendekeza ya kwangu. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa moyo wa kuendeleza elimu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa miezi saba bila mgeni, na mtu wa namna hiyo hachagui sababu ya kutembelewa.

Ninaishi Kang'ata, katika nyumba aliyoniachia mama. Mara mbili kwa wiki hupanda basi kwenda Korogwe kufundisha uandishi katika chuo kidogo cha habari. Si mwalimu wa kuajiriwa. Ni wa vipindi, yule asiye na kiti chake katika chumba cha walimu, anayetundika mkoba kwenye msumari wowote ulio wazi. Muhula ule, wanafunzi wa mwaka wa pili walitakiwa kutengeneza trela, kile kipande cha dakika mbili kinachotangaza filamu. Iwe filamu ya kutisha, yenye taharuki. Filamu yenyewe haikuwepo wala haikutarajiwa kuwepo. Ilitakiwa trela tu, na daftari la kuonyesha walivyoipanga na kuifanyia utafiti.

Mwalimu wa somo hilo alikuwa likizo ya uzazi, nikaombwa nisimamie.

"Umeandika vitabu viwili, mzee," mkuu wa chuo aliniambia. "Dakika mbili zitakushinda?"

Ni kweli nimeandika vitabu viwili vya insha. Nikivihitaji sihangaiki kuvitafuta. Karibu nakala zote ziko chini ya kitanda changu.

Kikundi changu kilikuwa na watu watatu. Kiongozi alikuwa binti mrefu, mpole, asiyecheka ovyo, ambaye wenzake walimwita Dairekta, na mimi nikafuata. Wengine wawili walikuwa vijana wa kiume: mmoja wa kamera, mwingine wa sauti. Huyu wa sauti alivaa hedifoni shingoni hata akiwa anakula.

Tulianza na utafiti. Dairekta aliandaa dodoso lenye swali moja kubwa: nini kinakutisha kuliko vyote? Tukazunguka nalo Korogwe mjini, kuanzia stendi hadi sokoni, mimi nikiwa nyuma na faili kwapani kama bwana afya. Muuza nyanya alisema matokeo ya mtihani wa mwanawe. Mama wa chapati alisema nyoka, akafikiri kidogo, akasema hapana, wifi yake. Mwenye duka la vitambaa, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mtaa huohuo, aliweka mita yake chini na kujibu taratibu: "Mimi naogopa mtu anayeingia dukani, anasimama, hasemi kitu."

Jioni ile Dairekta alitandaza majibu juu ya meza.

"Mwalimu, angalia. Wenye umri mkubwa hawataji sura. Wanataja sauti. Simu inayolia alfajiri. Mtu kuitwa jina lake nje, akitoka hakuna mtu. Au wanataja kimya. Tunapoteza muda kuhangaika na damu bandia."

Kijana wa kamera aliumia moyoni. Alikuwa amekesha kutafuta damu inayofaa na hatimaye ameipata, kwa kuchemsha rozela na unga kidogo wa muhogo. Ilikuwa damu nzuri kweli. Tuliinywa siku ya pili, ikiwa imechujwa na kutiwa sukari.

Ikabaki nyumba. Walikuwa na moja akilini, huko Mazinde: nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge, nusu haina paa, imezungukwa na safu za mkonge pande zote. Walinionyesha picha. Nilijua mara moja kwamba siwezi kushindana nayo, nikaamua kushindana.

"Hata kwangu pana mambo," nilisema.

"Mambo gani, mwalimu?"

Mimi ndiye niliyewahi kuandika insha ya kurasa kumi na mbili kuwakejeli watu wanaosikia mizimu. Nilimwangalia Dairekta usoni nikamwambia kwamba nyumbani kwangu mlango wa chumba cha nyuma hujifunga wenyewe. Hilo ni kweli, fremu imepinda. Nikasema kuna sauti ya kitu kinachodondoka chumbani wakati hakuna mtu. Hilo nalo ni kweli, bati limetoboka. Sikusema uongo hata mmoja. Sikutaja tu kwamba anayehitajika ni fundi.

Walikubali kuja Jumamosi kuikagua. Nilifurahi kiasi cha kwenda kumwambia jirani yangu. Huyu ni mjane wa umri wangu, tuliyesoma naye shule ya msingi. Siku hizi anaishi na mkwe wake na wajukuu, ng'ambo ya barabara. Alikuwa anachota maji bombani, nami nikasimama upande wangu wa barabara, ambako ndiko huwa nasimama.

"Jumamosi nina wageni, jirani. Tunatengeneza trela."

"Tela? La trekta?"

"Si tela. Trela. Ya filamu."

"Filamu yenyewe iko wapi?"

"Haipo."

Alitua ndoo. "Yaani mnatangaza kitu ambacho hakipo, na hakitakuwepo?"

"Ndiyo."

"Basi, Profesa, kazi umepata."

Mimi si profesa. Ananiita hivyo tangu niliporudi kutoka Dar es Salaam na masanduku ya vitabu, bila mke niliyeondoka naye na bila maelezo.

Ijumaa niliiandaa nyumba. Kwa kawaida mtu akitarajia wageni husafisha, mimi nilichafua. Niliondoa vitambaa vya makochi alivyofuma mama. Utando wa buibui sikuhitaji kuutafuta. Nilishusha pazia moja upande mmoja lining'inie. Nikarudi nyuma hadi mlangoni kutazama, nikaona kitu pekee kinachotisha sebuleni ni picha yangu ya mahafali, nimevaa joho na kucheka kama mtu aliyeambiwa ukweli wote. Asubuhi nikapika wali wa nazi na maharage ya watu kumi, nikafunga kufuli, nikaenda barabarani kuwapokea watu watatu.

Waliteremka kwenye pikipiki wakiwa wamejaa vumbi, wakanisalimia shikamoo moja ya pamoja. Tukaenda hadi mlangoni. Nikafungua kufuli, nikasukuma mlango, nikasema, "Hodi."

Nilipogeuka, wote watatu walikuwa wamesimama.

"Mwalimu," alisema Dairekta, "ndani kuna mtu?"

"Hapana. Naishi peke yangu."

"Sasa unampigia hodi nani?"

Sikuwa nimejisikia nikiisema. Ilibidi nieleze. Mama alinifundisha hodi kwa fimbo. Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi, nikija likizo na kuingia kimyakimya, alinirudisha nje: kwa mama yako huingii kama mbuzi. Nilitoka, nikapiga hodi, akanijibu karibu, ndipo nikaingia. Amefariki, tumemfanyia arobaini, watu wamekula wametawanyika, na ulimi wangu haukupewa taarifa.

Hakuna aliyecheka. Ningependelea wacheke. Dairekta alitoa daftari akaandika, na kijana wa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akapandisha hedifoni masikioni.

"Hiyo ndiyo trela," Dairekta alisema polepole. "Mtu anaishi peke yake. Anafungua kufuli lake mwenyewe, kwa nje. Anapiga hodi. Ndani anajibiwa karibu. Basi, giza."

Kijana wa kamera alitazama mikono yake. "Bila damu kabisa?"

"Bila damu."

Wakachora picha moja moja nyuma ya karatasi za mtihani wa zamani: kufuli, mkono, mlango, giza. Walipima hatua kutoka njiani hadi kizingitini. Nyumba yangu ilikuwa na watu wanne wanaobishana, na chumba cha nyuma mlango ukajifunga wenyewe bila yeyote kuujali. Nilipakua wali. Dairekta alivuta harufu, akasema, "Panapendeza, mwalimu," kwa sauti ya daktari aliyeona jambo kwenye kipimo.

Baada ya kula walitaka kujaribu sauti. Mimi nisimame nje niseme hodi. Dairekta ajibu kutoka ndani. Alijibu. Kijana wa kamera akatikisa kichwa.

"Hiyo ni karibu ya benki."

Akarudia, wakasema sasa ni ya redio. Walihitaji mwanamke mtu mzima, anayeitikia kama aliyeacha kazi mkononi. Nikavuka barabara kumwomba jirani.

Hakuwa ameingia kwangu tangu arobaini. Mjane haingii nyumba ya mwanamume anayeishi peke yake bila sababu, na sababu yenyewe lazima ionekane toka barabarani. Sasa ilionekana: vijana watatu, kamera, na maiki iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio. Aliingia, akasimama katikati ya sebule.

"Vitambaa vya mama yako umevipeleka wapi?"

"Nimevitoa ili patishe."

Akatazama makochi matupu, pazia, buibui. "Pametisha," alisema, akaenda kukaa alipoelekezwa.

Nikafunga mlango, nikarudi nyuma hatua tatu.

"Hodi."

"Karibu."

Neno lile lilipita kwenye mbao likiwa na vitu vingine ndani yake: kiti kusogezwa, kanga kukung'utwa. Lilikuwa na uzito wa nyumba yenye mtu. Kijana wa sauti alinyanyua dole gumba. Safi.

"Nadhani hodi yangu ilikuwa dhaifu," nilisema. "Turudie."

Tukarudia. Ya pili nilisema pikipiki imepita mbali. Ya tatu nilikohoa, na sitasema kama kikohozi kile kilikuwa cha kweli. Ya nne nilidai jogoo. Kijana wa sauti alishusha hedifoni.

"Mwalimu, ya kwanza ilikuwa safi kabisa."

"Turudie kwa usalama."

Sijui tulifika ngapi. Najua kila mara nilirudi nyuma hatua tatu, nikasubiri kidogo zaidi ya ilivyohitajika, nikasema hodi, na kila mara nyumba ya mama ikaitika. Dairekta alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ananitazama.

"Hodi."

"Karibu," ilisema sauti ya ndani. "Na hii ndiyo ya mwisho, Profesa. Nina makande motoni."

Alipotoka, vijana walikuwa wanakunja nyaya. Alipita karibu yangu akifunga kanga upya.

"Hodi unapiga kwako mwenyewe," alisema bila kupaza sauti. "Kwetu hujui njia?"

"Sina shida ya kuja nayo, jirani."

"Nilikuuliza shida?" Akavuka barabara.

Wiki iliyofuata Dairekta aliniletea daftari nisahihishe. Alikuwa amechora jedwali la nyumba mbili. Kwa Mazinde aliandika: paa limebomoka, mkonge hadi mlangoni, hakuna choo, inatisha. Kwangu aliandika: kuna umeme, kuna choo, kuna chakula kizuri, mwenyeji ni mkarimu. Na chini, katika safu ya kasoro: *Haitishi. Inasikitisha. Tukipiga hapa, filamu itabadilika aina.*

"Samahani, mwalimu. Ni uchambuzi tu."

"Ni uchambuzi mzuri," nilisema, na nikampa alama zake zote. Hakuna nilichoweza kukisahihisha, hata nukta.

Sauti wangeitumia, na kufuli langu niliwaazima. Mazinde walikwenda wao, kwa gari dogo la mjomba wa mmoja wao lisilo na nafasi ya mtu wa nne. Nami sikuuliza mara ya pili. Siku hiyo nilibaki nyumbani. Nilirudisha vitambaa kwenye makochi, na kwa sababu sikukumbuka kipi kilikaa wapi, vimekaa vibaya hadi leo. Jioni nilitoka dukani, nikafungua kufuli la akiba, nikajisikia nikivuta pumzi ya kusema. Nikaimeza. Nyumba ilikuwa kimya vilevile, ila sasa niliusikia ukimya wenyewe, kama mzee wa duka la vitambaa alivyosema: mtu amesimama, hasemi kitu.

Trela ilinifikia kwenye simu wiki chache baadaye, alasiri, nikiwa nimekaa kizingitini. Mkonge, safu baada ya safu. Ukuta uliopasuka. Mkono wa kijana wa kamera ukifungua kufuli langu, nililowaazima. Kisha sauti yangu, ya mtu mzee kuliko nilivyodhani: hodi. Giza likaingia, likakaa. Halafu: karibu. Walikuwa wametumia ile ya mwisho, wakakata makande. Niliitambua kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mtu aliyechoka kunijibu na bado ananijibu.

Nilitazama mara mbili. Mara ya tatu niliinuka, kwa sababu safari hii nilikuwa na shida ya kwenda nayo.

Nilivuka barabara nikiwa nimeshika simu mbele kama sahani. Kwenye ua wake mkwe alikuwa anapepeta mahindi na wajukuu walikuwa wanafukuza kuku. Yeye alikuwa jikoni, moshi ukitoka. Nilisimama penye mwanya wa uzio. Nilikuwa nimeisema mara nyingi sana mbele ya maiki, na sasa sikujua niiseme kwa sauti ipi.

"Hodi."

Kifuniko cha sufuria kikawekwa chini.

"Nani?"

"Mimi, jirani. Nimeleta trela."

"Liache nje," alisema. "Wewe pita."