Mama wa Sokoni na Maneno ya Paketi ya Sigara

Alasiri moja mama mmoja wa darasa langu aliingia mbio, kitambaa cha kichwa kimemwangukia mabegani, mkono juu, na mkononi ameshika paketi tupu ya sigara. Wenzake walidhani kuna moto mahali. Wawili walishasimama kutafuta mlango.

"Mwalimu! Mwalimu, nimeisoma! Miye mwenyewe, bila muntu kunisaidia!"

Mimi nafundisha akina mama kusoma na kuandika huku Mikelenge, mjini Kindu, katika chumba kimoja nyuma ya kanisa. Wakristo wanakuja, Waislamu wanakuja, wengine wanatoka shambani moja kwa moja na udongo miguuni. Vitabu havitoshi, kwa hiyo nilikuwa nimewaomba kila mmoja alete kitu chochote chenye maandishi kutoka nyumbani: mfuko wa chumvi, karatasi ya sabuni, kiboksi cha dawa. Mama huyu ana meza yake katika soko la Kasuku. Anauza sabuni, kiberiti, biskuti, mafuta ya kupaka, na sigara za moja-moja, maana huku kwetu ni wachache wanaonunua paketi nzima. Alikuwa akiuza sigara tangu wakati wa vita, na katika miaka hiyo yote hakujua paketi zake zinasema nini.

"Sasa tusomee," nikamwambia.

Akasimama mbele, akaweka kidole chini ya herufi. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, naye Kifaransa hakijui, lakini silabi alizijua. Akaenda nazo moja moja, jasho likimtoka kwenye pua, na alipofika katikati akapiga kelele. Neno lile alikuwa amelifahamu kwa umbo lake. Ni lile lile lililoandikwa kwenye nguzo ya umeme, chini ya picha ya fuvu la mtu, kuonya juu ya hatari.

"Danje! Iko danje humu ndani! Miye nilifikiri njo aksanti ya kiwanda kwa wateja!"

Chumba kizima kikapasuka. Tulicheka, tukapiga makofi, bibi mmoja akatoa vigelegele kana kwamba tumeoza binti. Na mimi, niliyefundisha miaka mingi, nilihisi nywele za mikono zikinisimama. Mtu akisoma neno lake la kwanza nje ya ubao, hakuna sikukuu inayolingana na hiyo.

Kisha nikawatafsiria sentensi yote: kuvuta tumbaku kupita kiasi ni hatari kwa afya.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Kupita kiasi njo ngapi?" akauliza mama mmoja, mke wa mvuvi aliyehamia mjini kutoka Lokandu. "Bwana yangu anavutaka moja asubuhi, moja mchana, moja magaribi. Ukimuuliza atakwambia kila mara ni moja tu."

"Wangu pia," akadakia mwingine. "Wote ni moja-moja. Hakuna anayepita kiasi Kindu nzima!"

Mwenye meza alitikisa kichwa. "Basi hii maneno inawasaidia wavutaji. Inawapa njia ya kutokea. Tuiandike upya, kwa Kiswahili yetu."

Tukaandika ubaoni. Mmoja akapendekeza: Tumbako inaua muntu pole-pole. Wakaikataa, wakasema mtu akisikia pole-pole ataona bado ana muda. Mwingine akasema tuweke jehanamu. Wengine wakasema hapana, tusimchoshe Mungu kwa mambo ya moshi. Mwishowe wakakubaliana juu ya maneno haya: Hii moshi inakula mapafu yako. Wakayanakili wote, na mwenye meza akayanakili mara nyingi kwenye vipande vya katoni, ulimi ukimtoka pembeni mwa mdomo kwa bidii.

Nilirudi nyumbani nikiwa karibu kuruka. Mume wangu alikuwa amekaa kibarazani, naye, sitaficha, alikuwa na sigara mkononi. Ni fundi wa reli, mtu wa mafuta na chuma, na alivuta tangu kabla hatujaoana. Nikamweleza yote, neno la nguzo ya umeme, aksanti ya kiwanda, ubishi wa kiasi. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Unakumbuka siku ile ya vita?" akasema alipopata pumzi.

Nilikumbuka. Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, mashua za mtoni hazikuja, na kilichoingia kiliingia kwa ndege. Chumvi tuliiweka kwenye kikopo kama dawa. Mafundi wa reli hawakuwa na kazi, wakawa wanakutana uani kwetu mchana, wakitazama mikono yao. Wakati mwingine walivuta majani ya tumbaku ya shambani, wameyakunja katika karatasi za daftari za watoto. Lakini siku ile mmoja wao alikuwa amepata paketi halisi, ya kiwandani. Waliipokea kama mgeni. Sigara moja ilizunguka midomo yao wote, na yule mwenye paketi, kwa kukosa cha kufanya, akaanza kuwasomea maandishi ya pembeni kwa sauti ya kasisi. Alipofika kwenye maneno ya hatari kwa afya, bunduki zikalia ng'ambo ya mto.

Sijawahi kuona watu wazima wakicheka vile. Walianguka chini. Mume wangu alikuwa amelala chali kwenye vumbi, anapiga ardhi kwa kiganja, anarudia: "Afya! Afya!" Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko wa kupikia sombe, majani ya muhogo, mkononi, nikacheka nao mpaka machozi, huku nikitegea sikio mlio unaofuata.

"Siku ile," nikamwambia kibarazani, "kulikuwa na sababu ya kucheka. Leo iko wapi?"

Alizima sigara, ingawa nadhani ilikuwa imeshaisha.

Jumamosi iliyofuata alikwenda sokoni kama kawaida yake, akasimama mbele ya meza ya mwanafunzi wangu, akaomba moja. Hayo niliyasikia kwanza kwake mwenyewe, kwa hasira, kisha kwa mama, kwa furaha. Mama alimpa sigara. Kabla mume wangu hajaiwasha, mama akainua kipande chake cha katoni, akamsomea kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza samaki:

"Hii! Moshi! Inakula! Mapafu yako!"

"Mama, wewe unauza ao unafukuza?"

"Nauza, baba. Lakini sasa najua kusoma, siwezi tena kukuuzia kimya."

Vijana wa pikipiki waliokuwa wakingojea abiria wakaishika ile sentensi na kuigeuza wimbo, wakipiga matangi ya pikipiki zao kama ngoma. Mume wangu alirudi nyumbani mdomo umemvimba kwa hasira.

"Mwanafunzi wako ameniaibisha soko nzima!"

"Alikosea kusoma?"

"Hapana."

"Aliruka neno?"

"Hapana! Alisoma vizuri!" Akajisikia mwenyewe alivyosema, akaanza kucheka bila kutaka.

Wiki hizo mimi nilikuwa kama mtu mwenye homa ya furaha. Kila jioni nilipita sokoni kuuliza habari. Je, wanaacha? Je, maneno yanafanya kazi? Mama alinieleza bila kunibembeleza. Vijana wa pikipiki hawakuacha hata mmoja. Walinunua ili wasomewe. Mzee mmoja mnunuzi alihamia meza ya jirani, kwa mama asiyejua kusoma, akisema pale anavuta kwa amani. Mtumishi mmoja wa ofisi alichukua sigara, akasikiliza, akairudisha mezani, akachukua biskuti. Kesho yake akarudi akachukua sigara. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua kwa siri, akizificha ndani ya kanga, alisimama muda mrefu akaomba asomewe tena polepole, kisha akaenda zake, na mama hakumwona tena mezani. Labda aliacha. Labda alibadilisha soko.

"Kwa hiyo maneno hayana nguvu?" nikauliza, moyo umeshuka kidogo.

"Yana nguvu kwa mwenye masikio wazi," akasema. "Siku ambayo masikio yake yako wazi, miye siijui. Kwa hiyo nasoma kila siku."

Mume wangu alijaribu kuacha, akarudi. Akajaribu tena kwa kutafuna mbegu za kola mpaka meno yakawa mekundu, akarudi. Hakutaka nimuulize, nami nikajifunga mdomo, jambo gumu kwa mwalimu. Kisha ikaja asubuhi moja tulipokuwa tunakunywa chai, na honi ya treni ikalia stesheni. Treni huku kwetu haina ratiba ya kuaminika. Ikifika, mji mzima unajua. Aliweka kikombe chini.

"Wakati ya vita," akasema, "ile maneno haikupata pa kunishika. Utamwambia nini muntu juu ya kifo cha kesho-kutwa, wakati cha leo kiko mlangoni? Sasa hivi nangojea treni. Nangojea mvua, nipande muhogo. Nataka kuzeeka, Mama Watoto. Juzi yule mama ameninyanyulia katoni yake tena, na kwa mara ya kwanza sikucheka. Niliogopa."

"Uliogopa!" nikapiga kelele, kana kwamba ameniambia ameteuliwa gavana.

"Usifurahi sana."

Nilifurahi sana. Niliinuka mezani nikamkumbatia na kikombe changu mkononi, chai ikammwagikia shati.

Hakuacha siku ile ile, wala haikuwa rahisi. Alikuwa mkali nyumbani, alipiga misumari mahali pasipohitaji misumari, aliamka usiku akatembea uani. Lakini siku za kutovuta zikawa nyingi, zikashikana. Yeye leo anasema ni kikohozi kilichomwachisha. Mama wa sokoni anasema ni sauti yake. Mimi nasema ni amani iliyoyapa maneno nafasi ya kuingia. Tunabishana tukiwa watatu pamoja, na hakuna anayekubali kushindwa.

Mwezi uliopita tulialikwa harusi Alunguli, upande wa pili wa mto. Tulipanda pirogi, mtumbwi wa huku kwetu, mimi na gauni langu la sherehe nimelikusanya magotini, na mbele yetu pirogi nyingine yenye waalikwa wa upande wa bwana harusi ikaanza kutucheka kwa mwendo wetu mzito. Mpiga kasia wetu alikuwa na kasia ya akiba. Mume wangu akaichukua.

"Baba, acha, utachoka katikati," akasema mpiga kasia.

Hakuacha. Alivuta maji, akavuta, mabega yakienda kama chuma cha gurudumu la treni, na mimi nilingoja kikohozi, nikikihesabu moyoni kwamba kitakuja hapa, kitakuja pale. Hakikuja. Tulikuwa katikati ya mto Lualaba, mkondo unatusukuma kando, na yeye anapumua, tu, kama mtu yeyote.

"Wapite! Wapite!" nikaanza kupiga kelele, nimesahau gauni, nimesahau kwamba mimi ni mwalimu wa watu. Tukawafikia. Tukawaona nyuso. Tukawapita, na wao wakaanza kutushangilia wenyewe, wakipiga makofi juu ya maji.

"Baba, punguza mwendo!" mpiga kasia akalia. "Mchanga! Mchanga uko mbele!"

Pirogi ilipanda ufukweni kwa kishindo, nami nikaangukia mgongoni mwa mume wangu, tukicheka wote wawili, na yeye akiwa bado na pumzi ya kuniuliza kama nimelowa.