Kiti cha Nyuma

Mume wangu aliponiambia kwamba anataka kubadilisha pikipiki, niliendelea kushona. Sikuinua hata uso. Nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza kabla ya Jumapili, na nilijua akianza habari za pikipiki hamalizi upesi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, ndiyo kwanza amevuka mto kutoka Kasuku anakofundisha shule, akaniambia kwamba pikipiki yetu imezeeka, inaturusha kama mchele kwenye ungo, na kwamba kuna nyingine amekwisha kuiona.

"Kiti yake iko laini," akasema. "Utazania umekaa juu ya matela ya kitanda."

"Nani alikaa?" nikamwuliza.

"Miye."

"Mbele ao nyuma?"

Alikwenda kunawa mikono, nami nikakata uzi kwa meno kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Pikipiki ya nyumba yetu si jambo dogo, na mwaka ule lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ya mama yangu. Mama anakaa kijijini upande wa Pangi, safari ya kutwa kutoka hapa Alunguli barabara ikiwa imekubali. Macho yake yalikuwa yanapoteza nuru. Kila aliyetoka huko aliniletea habari ile ile: mama yako sasa hawatambui watu kwa sura, anawasikiliza wakitembea, halafu anawaita. Nami sikuwa nimefika kwake kwa miaka miwili. Mara ya mwisho nilishuka njiani kwa maumivu, nikatembea kipande kilichobaki, na juma zima nikalala kwenye mkeka wake badala ya kumsaidia. Tangu hapo nilimtumia sabuni na chumvi kwa mikono ya watu. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba siku nitakayofika sitaonekana tena na mama aliyenizaa.

Mganga wa macho alikuwa anapatikana hospitali ya mjini, lakini Mama alikataa katakata kuja. Madereva wa pikipiki za kukodi, alisema, wanakimbia kama watu walioiba. Na nyuma ya mume wangu hawezi kukaa, kwa sababu huyo ni mkwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana: hawagusani, hawatazamani usoni, hawali sahani moja. Sasa utakaaje nyuma ya mtu kwenye barabara ya mashimo bila kumshika kiuno? Mtu pekee ambaye angeweza kumbembeleza alikuwa mimi, ana kwa ana, na mimi nyonga yangu ilikuwa hainifikishi.

Nyonga hii ni ya wakati wa vita. Siku moja milio ya bunduki ilianza asubuhi upande wa ng'ambo, na Alunguli karibu yote ikaingia porini. Tulishika njia ya kwa Mama. Mume wangu alikuwa anasukuma baiskeli, juu yake amefunga cherehani yangu, kichwa chake tu, meza tuliiacha. Mimi nilikuwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni na sufuria kichwani. Siku ya tatu tulifika kwenye kijito chenye gogo moja la kuvukia. Yeye akainua baiskeli begani akatangulia. Mimi nikafuata, gogo limelowa, nikateleza, na ili nisimwangukie mtoto nikajitupa upande. Mtoto hakuumia hata ukucha. Sufuria ilikwenda na maji. Mimi nilimalizia safari kwa fimbo, na Mama akanikanda kila asubuhi kwa mawese ya moto mpaka nikasimama.

Tulikaa kwake mpaka mambo yakatulia, na cherehani ile ikatulisha. Nilishona gauni kwa kikombe cha chumvi, na wakati ule mwenye chumvi alikuwa tajiri. Leo natembea vizuri, nacheza kanisani vizuri kama wimbo si mrefu. Ila kupanda kitu kwa kutanua miguu, siwezi. Pikipiki naikalia kiupande, miguu yote kushoto, kama wanavyokaa akina mama wengi wenye kitenge. Wao wanachagua. Mimi sina njia nyingine.

Kwa hiyo mume wangu aliposema kiti laini nilijua ananifikiria mimi, na bado nilikasirika, kwa sababu alinifikiria bila kuniuliza.

Jumamosi tukavuka kwenda Kasuku. Mwuzaji alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima sasa mwenye kitambi, na kwa heshima ya Mwalimu wake alikubali kitu ambacho hamkubalii mtu: tumwachie ya kwetu, tuchukue ile nyingine siku tatu, tukiipenda tuelewane cha kuongezea. Pale uani wanaume walikalia kiti kile kwa zamu, wanakibonyeza kwa makalio na kutikisa vichwa kama watu wanaonunua godoro. Mimi nikawa wa mwisho.

"Mama Mwalimu, karibu ujaribu," mwuzaji akaniambia.

Nikakaa kiupande, pikipiki imesimama kwenye miguu yake. Kweli kilikuwa laini.

"Iko muzuri," nikasema, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Huo ndio upumbavu wangu katika habari hii na siufichi. Nilipima kiti cha safari kwenye kitu ambacho hakitembei.

Dalili ya kwanza ilikuwa mtoni. Pikipiki yetu ya zamani watu wawili wa mtumbwi huinyanyua huku wakipiga soga. Hii iliwataka wanne, na hakuna aliyepiga soga. Mume wangu akasema uzito ndio unaoituliza barabarani. Jumapili baada ya ibada ya alfajiri tukafunga mzigo, tukashika njia ya Pangi.

Kiti kile kilikuwa kimeinuka nyuma na kushuka mbele. Kimetengenezwa kwa ajili ya kijana na mpenzi wake, yule wa nyuma amkumbatie wa mbele kwa raha zao. Kwa mtu aliyekaa kiupande, kila shimo lilikuwa linanisukuma nje, na ule ulaini wake ulizidi kunitelezesha. Chini hapakuwa na pa kuweka miguu miwili pamoja. Mlima wa kwanza nilikaribia kushika shati la mume wangu kwa meno. Mlima wa pili nikachomoka kitini. Nilitua wima kwenye tope, nyonga ikapiga kelele mpaka kisogoni, na mume wangu akaendelea na safari huku ananisimulia mambo ya mkurugenzi wa shule. Nilimwona anageuza kichwa kidogo, anacheka, anaongea na hewa, mpaka akaishia kwenye kona.

Aliporudi alinikuta nimekaa kwenye mzizi wa mti, nacheka na machozi yananitoka. Yeye hakucheka. Aliilaza ile pikipiki ya watu kwenye majani bila hata kuangalia, akaja akakaa.

"Miye njo nilikuaribu," akasema, kama mtu anayekiri kosa lake.

"Umeniaribu na nini? Nimeanguka wima."

"Haiko leo. Wakati wa vita. Nilibeba mashine ku kinga, ile baiskeli yetu, nikakuacha weye unatembea na mutoto. Kama ungekaa ku kinga, haungeanguka. Kila siku ninaona vile unashuka ku kitanda."

Miaka yote ile tumekula pamoja, tumezaa, tumezika, na kumbe mtu huyu kila asubuhi alikuwa ananihesabia hatua kutoka kitandani. Nilimhurumia mpaka nikataka kumpiga.

"Sikiya," nikamwambia. "Siku ya pili, tukiwa tumelala kwa wale wazee waliotupa mihogo, nani alifungua kamba ya mashine?"

Akafikiri. "Miye?"

"Weye. Ulisema tuiache pale, miye nipande. Nani alikatala?"

Hakukumbuka. Naapa hakukumbuka.

"Njo miye," nikasema. "Nilikuambia ukiacha mashine yangu, miye vilevile uniache. Ukaifunga tena unanuna. Basi iyo mizigo uliibeba bure, baba. Ilikuwa ya kwangu."

Alijifuta uso kwa kofia, muda mrefu kuliko jasho lilivyotaka. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama tubadilishe au tusibadilishe.

"Unirudishie ya kwangu," nikamjibu. "Na sasa mutanisikiliza miye."

Tulirudi polepole, mimi nimemkumbatia kiuno kwa mikono yote miwili, hata mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani. Jumatatu pikipiki yetu ilikuwa nyumbani. Mwuzaji hakukasirika, alitaka tu kutuonyesha nyingine yenye kiti laini zaidi.

Karibu na kwetu kuna fundi wa kuchomelea vyuma. Nilimpelekea pikipiki na futi yangu ya kushonea. Nilikaa kiupande, nikamwambia anipime kama ninavyowapima wateja wangu: kutoka goti hadi kisigino, kutoka nyonga hadi kiganja. Akatengeneza kibao cha chuma upande wa kushoto, kipana, miguu miwili ikae bila kugombana. Nyuma ya kiti akakunja chuma kama mkono wa kikapu, ili nikiona shimo nijinyanyue mwenyewe bila kumvuta dereva. Akafunga springi mpya. Sponji nilichagua mimi, ngumu chini na laini juu, kiti kikae sawasawa bila mteremko. Jalada la turubai nililishona kwa mkono wangu, mishono miwili miwili.

Halafu nikasema kwamba mara hii atakayejaribu ni Mwalimu. Alicheka akidhani ni utani. Nikamfunga kitenge changu kiunoni, nikamkalisha kiupande, fundi akaendesha. Wakapita barabara yetu yote, mashimo bila kuruka hata moja, na watu wakatoka nyumbani wakishangilia. Wanafunzi wake wa zamani wakampigia makofi. Alirudi ameshika kile chuma kwa nguvu zake zote, akashuka, akakunja kitenge changu vizuri.

"Sasa nimeelewa," akasema.

Tulikwenda kwa Mama kiangazi kilipokausha njia. Sitadanganya kwamba sikuchoka. Lakini nilifika nimekaa, na nilishuka mwenyewe. Mama alikuwa uani anabangua karanga. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilitembea kwake bila kusema neno. Akainua kichwa, vidole vikasimama.

"Ni nani?" akauliza. "Anatembea muzuri. Simujue."

"Ni miye, mama."

"Weye unachechemea," akasema, kwa hasira kabisa, kana kwamba nimemwibia mtoto wake, yule ambaye siku zote barabara humfikisha akichechemea. Ikabidi nimpe nyonga yangu aishike kwa mikono yake miwili, hapo ndipo akakubali kulia.

Mume wangu alisalimu kutoka mbali, ametazama kando kama inavyotakiwa, akapewa kigoda chake upande wa pili wa nyumba. Nami nikaanza kumbembeleza Mama siku ile ile, na kesho yake. Mganga ni mzuri. Hapana. Nitakupikia mwenyewe. Hapana. Nilikuwa nimeishiwa maneno aliponiambia nimpeleke akaione hiyo pikipiki inayoponyesha watu. Akaipapasa yote. Kiti, mishono, kibao. Kwenye mkono wa chuma akakawia.

"Hiki njo cha kushika?"

"Njo hicho."

"Ukishika hiki, haugusi mutu?"

"Haugusi."

Alikivuta kile chuma mara mbili. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye nyuma ya nyumba: "Ukamwambie mukwe, kesho tunaenda ku munganga."

Nikapiga kigelegele. Halafu nikahesabu viti. "Mama, tuko watatu."

"Weye utabaki. Kuku zangu utamuachia nani?"

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu, akakaa mahali nilipopimiwa mimi, akaweka kikapu cha karanga kati yake na mgongo wa mkwe wake kama ukuta. Mume wangu aliondoka polepole kuliko nilivyowahi kumwona, shingo imenyooka, asigeuke kwa bahati mbaya. Mama alishika chuma kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alinipungia, uso umejaa kicheko, akipungia upande wa migomba ambako hapakuwa na mtu. Nikakimbia, nikaenda kusimama pale.