Waliohesabiwa Shambani

Watu wa mjini wakisikia shule imefungwa kwa kukosa wanafunzi, hudhani wazazi wa huko hawapendi elimu. Kauli hiyo nimeisikia kwenye foleni ya benki hapa Ifakara, nimeisikia tena msibani, na mara zote mbili nilijibu kwa ukali mpaka watu wakageuka kunitazama. Shule inayosemwa nilifundisha mimi. Sijaweza kuizungumzia kwa upole na sidhani kama nitaweza.

Ilikuwa shule shikizi, tawi dogo la shule ya msingi ya kijijini, ndani kabisa ya mashamba ya mpunga upande wa Michenga. Ilikuwa na kuta za matete, bati juu, na vyumba viwili. Huku bondeni mvua zikianza, familia hufunga nyumba kijijini na kuhamia shamba mpaka mavuno yaishe. Hubeba kuku, sufuria, mikeka na watoto. Zamani mtoto akihamia shamba, masomo yake yaliishia hapo hadi kiangazi. Ndiyo maana wazazi walikata matete wenyewe wakajenga, ili shule iwafuate watoto huko walipo. Masika ilijaa hadi wengine wakakaa chini. Kiangazi kila mtu alirudi kijijini, mimi na mwenzangu tukarudi kufundisha shule mama, na vile vyumba vikabaki na panya. Hakuna mtu wa bonde hili ambaye angehitaji kuelezwa hayo.

Bajeti ya elimu ilipopunguzwa, halmashauri ilituma watu kuangalia shule zipi zibaki. Kwetu walikuja katikati ya kiangazi. Wakawakuta panya. Tuliambiwa shule haina wanafunzi, fedha ya uji na ya kuiendesha imeondolewa, na watoto waende shule mama, safari ambayo wakati wa maji hata mtu mzima huifanya kwa kulazimika. Nilipokwenda kulalamika, nikajibiwa kwamba kasungura ni kadogo, yaani fedha haitoshi kugawana. Kasungura hako nimekasikia tangu nianze kazi. Kakifika kwenye chakula cha watoto kanakonda, kakifika kwenye semina za wakubwa kananenepa.

Nilikuwa mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni, kwa hiyo nikalipeleka suala hilo chamani. Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia. Walimu walitoka Mkula, wengine Mngeta, wengi wao wakiwa na matope ya pikipiki hadi magotini. Shule zao nazo zilikuwa zimepunguziwa: huku chaki, kule ukarabati wa vyoo. Nilidhani kila mmoja atavutia kwake. Mwalimu mmoja kijana akataka tugome moja kwa moja. Mwenyekiti wetu, mzee aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alimwacha amalize, kisha akasema, "Tukigoma watasema walimu hawataki kazi, na mzazi atawaamini. Tuwadai kitu kimoja wasichoweza kukikataa. Warudi kuhesabu wakati wa masika."

Wakakubaliana, na wakaongeza kwamba walimu wa shule shikizi wote tukatae barua za uhamisho hadi hesabu hiyo ifanyike, chama kikiwa nyuma yetu. Tukaimba wimbo wetu wa mshikamano. Mimi si mtu wa machozi, lakini siku ile nililia mbele za watu bila aibu. Watu wenye shida zao walikuwa wamesimamia shule ambayo wengi wao hawajawahi kuiona.

Halmashauri ilikubali. Ilichukua barua nyingi na safari nyingi za mwenyekiti, lakini ilikubali, na siku ikapangwa. Nilipoiona nikamwambia, "Mwenyekiti, wiki hiyo mpunga utakuwa unaingia maziwa."

"Tukiomba wabadilishe, watasema tunakwepa," akanijibu. "Asubuhi moja tu, mwalimu. Ongea na wazazi."

Nikaongea nao. Mpunga ukiwa na maziwa ndipo ndege huupenda, na kuamia ndege ni kazi ya watoto. Hupanda kwenye dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, wakapiga kelele na kurusha udongo kutwa nzima. Wazazi walikubali kwamba asubuhi hiyo watapanda wao. Wa kwanza kuitikia alikuwa mama mmoja Msukuma, aliyekuja bondeni na mumewe na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, mume naye alikuwa amekwenda kutafuta kibarua. Alikuwa amebaki na shamba na binti yake. "Mwalimu, huyu nitakuletea mimi mwenyewe, kaoga," akaniambia. Tukacheka, maana binti yule kuogeshwa kulikuwa vita.

Asubuhi ya siku hiyo nilifagia, nikachota maji, nikaandika tarehe ubaoni. Kabla jua halijapanda, kwelea wakaja.

Asiyewaona hawezi kuelewa. Si ndege kumi wala ishirini. Wanakuja wengi mpaka anga inabadilika rangi, na wakitua shambani kwa muda wa kupika chai, shamba limekwisha. Kila mwenye sauti alipanda. Mama alikuwa kwenye dungu moja, mtoto kwenye jingine, bibi akipiga debe pembeni. Ndege wa namna ile hawana habari ya ahadi za watu na halmashauri.

Wageni walifika wakiwa wametota, maofisa wawili pamoja na mwenyekiti wetu, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Darasani nilikuwa na watoto sita, wale wadogo mno hata sauti zao zisingemshtua shomoro.

"Mwalimu, wengine wako wapi?" ofisa mkubwa akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Sikiliza," nikamwambia.

Alisikiliza. Ungeweza kuwasikia watoto kila upande, karibu na mbali, wakiita na kuitikiana juu ya mpunga. Niliwataja mmoja mmoja kwa sauti zao, maana nilizijua. Nikamwambia twende, nitakupeleka dungu kwa dungu, uwahesabu hukohuko, majina ninayo kichwani. Mwenyekiti hakungoja jibu. Akaingia shambani peku, akasimama chini ya dungu la kwanza, akamwambia mtoto ateremke asome chochote. Mtoto akamtazama, akatazama ndege, akaendelea kurusha udongo. Alikuwa sahihi. Mwenyekiti akabaki pale kwenye maji, uso umemshuka, na mimi nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

"Mwalimu," ofisa akaniambia, "mtoto aliye shambani mimi nitamhesabu shambani. Nimetumwa kuhesabu walio darasani."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Nadhani alijua kwamba ni kweli, na alijua pia kwamba kweli hiyo haina pa kuandikwa kwenye taarifa yake. Kwa hiyo sasa tulikuwa tumehesabiwa mara mbili, na mara zote mbili shule ilikuwa tupu.

Chama hakikukata tamaa siku hiyohiyo. Kilikwenda tena, kikaeleza kuhusu kwelea, kikachekwa. Mwisho kikajadili kilichobaki, ambacho ni sisi. Katika mkutano uliofuata mwenyekiti alisimama akasoma matokeo: hakuna mwanachama aliyepoteza kazi, wote tumehamishwa kwa stahiki zetu zote, tena wengine mjini karibu na huduma. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mmoja akanigusa bega, akanipongeza kwa kupata Ifakara. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Nilikuwa napongezwa kwa kufiwa.

Nilimsubiri mwenyekiti mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kumshambulia, na nilianza kweli. Nikamuuliza haya ndiyo tuliyoyaimbia. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Chama hiki ni cha walimu, mwanangu," akasema. "Nimewatetea walimu. Watoto hawana chama."

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Nikamuaga, nikaondoka, na baada ya hapo sikuhudhuria mkutano tena hadi alipostaafu. Sina chuki naye. Nilichoshindwa ni kukaa ndani ya ukumbi ule.

Sasa nafundisha mjini, darasa limejaa hadi mlangoni. Ni watoto wazuri, nawapenda. Ila masika ikinyesha usiku juu ya bati, asubuhi huwa sifai kwa mtu yeyote, na wenzangu wa ofisini wamejifunza kuniacha hadi saa nne.

Yule mama Msukuma nilikutana naye sokoni baada ya mavuno, miaka miwili tangu shule ifungwe. Alikuwa ameleta mchele. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaulizia watoto, afya, kazi. Kisha, bila kuniachia, akasema, "Mwalimu, watu wanasema shule ilifungwa kwa sababu yetu. Nilifanya vibaya kumpandisha kwenye dungu siku ile?"

"Hapana, mama. Mngekula nini?"

"Mpunga tuliupata," akasema. "Wote."

Nikamwambia shule ilifungwa mjini, haikufungwa shambani. Akaitikia kwa kichwa, vile mtu anavyoitikia maneno ya kufarijiwa. Binti yake alikuwa nyuma ya magunia, amerefuka sana, kanga imefungwa kiunoni kama ya mtu mzima. Mama akamwita anisalimie.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Siku hizi uko darasa la ngapi?"

Alimtazama mama yake kwanza. Mama akainamia mchele.

"La pili," akanijibu.

Ndilo darasa nililomwacha nalo.